Krepi ya inje hapa Goma: tumalize na taloshi ao na tirolyeni?

mwana_keshero

Jambo bandugu, jambo bafundi bote benye kupitaka hapa.

Niko na nyumba inaelekea kuisha ku Keshero. Chini ni mawe ya volkano, juu ni bloko simenti, poto (nguzo) za beto ku kila kona, mabati iko juu, ndani krepi ilishakauka zamani. Inabakia inje na hapo njo tunagombana. Fundi wangu anataka alaze krepi (plasta ya ukuta) na taloshi (kibao ya mukono ya kulainishia), kiisha anyunyize simenti kavu juu yake, apitishe taloshi ya chuma mpaka ing'are, anasema njo vile banafanyaka ku manyumba ya bakubwa. Shemeji yangu anasema hapana, piga tirolyeni (krepi ya matone yenye mashine inarusha) tu basi, haisumbue na kasoro yote inajificha. Mimi niko katikati yao na mufuko inaisha.

Kitu inanitia woga ni jirani wa nyuma. Yake ilikuwa inang'ara kweli, batu banapita banasimama banaangalia. Mvua ikapita saison moja, ya pili haikumalizika, ukuta ikajaa vinyufa vyembamba sawa utando wa buibui, na sasa kila ikinyesha unaona ile mistari inabakia nyeusi wakati pengine pote palishakauka.

Basi naomba munieleze polepole, njia gani inadumu hapa kwetu na hii mvua na ile moshi ya volkano Nyiragongo yenye kushukaka nayo, na fundi anapashwa kuwa na vyombo gani, juu huyu wangu alikuya na mwiko moja, taloshi ya mbao yenye imelika pembeni, na ubao ya kunyoosha krepi anaita regle wakati ukifunga jicho moja na kuangalia unaona imepinda. Muchanga yenye niko nayo ni ile nyeusi ya volkano. Maji nanunua ku bidon, inakuya na chukudu (kigari ya mbao ya kusukuma), kwa hiyo mwenye ataniambia "mwanga maji kila saa" ajue ananiambia nitoe makuta kila saa 😅

Aksanti.

fundi_birere

Mukubwa, mwambie huyo fundi aweke simenti kavu yake chini kwanza.

Krepi ikishalala ku ukuta maji yake inaanza kutoka, ingine inanyonywa na bloko, ingine inaenda na upepo. Ukipitisha taloshi ya chuma mapema na kufinya, unavuta maziwa ya simenti yote inakuya juu. Ukiongeza na simenti kavu, juu panakuwa simenti tupu, chini yake muchanga. Ile ngozi ya juu ni ngumu na ni nyembamba, ikikauka inajivuta sana, yenye iko chini haijivute vile, njo inapasukapasuka sawa vile uliona kwa jirani. Ndani ya nyumba unaweza kupona juu hakuna jua wala mvua. Inje asubui baridi, saa sita jua inapiga, saa tisa mvua inamwangika, haiponi. Na tena rangi haikamate muzuri ku ukuta ya kung'ara, inaanza kubanduka mabanzi.

Krepi ya inje ni mikono tatu, maana yake tabaka tatu. Bengi banapiga moja tu nzito, sentimeta tatu kwa mara moja, inaning'inia na uzito yake yenyewe, kiisha ukigonga na shina ya mwiko unasikia inalia tupu. Usikubali.

Ya kwanza ni gobeti. Simenti mingi, nyepesi kidogo, unaitupa na mwiko kwa nguvu, hauilaze, hauipanguse, ibakie na makwaruzo yake. Isipite nusu sentimeta. Lakini mbele ya kuitupa ukuta iwe ilishalowa, tangu jana yake na tena asubui, bloko ikunywe maji yake mbele, la sivyo itakunywa ya krepi. Pale chini ku mawe ya volkano njo zaidi, ile mawe ni matundu matupu, inakunywa kama haina mwisho, lakini ikishashiba inakamata krepi hakuna mutu ataitoa pale. (Mji muzima tunajenga na ile ilitubomolea mu 2002, tuitumikishe basi.)

Unaacha siku mbili. Mukono ya pili njo yenye kunyoosha ukuta, sentimeta moja mpaka moja na nusu. Hapa regle inafanya kazi. Unashusha filaplo (kamba yenye uzito) kutoka juu, unaweka mistari ya gidi (krepi ya kuongoza regle) kutoka juu mpaka chini, nafasi kati yake iwe fupi kupita regle yako, unajaza katikati, kiisha regle inapita juu ya gidi ikipanda kutoka chini, unaichezesha kushoto na kuume, penye pana shimo unaongeza unapita tena. Regle ikiwa imepinda ukuta itapinda na hakuna taloshi ya kuirekebisha, ile ubao ya fundi wako ipeleke ku jiko. Tafuta aluminiyo ya meta mbili, ile hata ya kukodisha. Mukono ya pili hauilainishe, iache na ukwaru juu ya kukamata ya tatu. Wiki moja ipumuzike.

Ya tatu ni nyembamba, nusu sentimeta na kidogo, muchanga yake ilishachekechwa na tamisi.

Sasa ufundi ya kweli iko ku saa ya kuanza kutaloshi. Weka kidole gumba ku ukuta. Kikizama, ngoja. Kikitoka na krepi imenata, ngoja. Kikiacha alama kidogo tu na kidole kinatoka safi, anza, na usiende kukunywa chai juu ile saa haikungoje. Taloshi ilale yote ku ukuta, mukono uzunguke mviringo, usifinye sana. Sikiliza. Ikiwa iko tayari utaisikia inakwaruza kavukavu na vile vichembe vya muchanga vinazunguka chini yake. Ikiwa imenyamaza na inateleza, maji iko bado, unafanya kuchora tu. Ikikuwa inakataa kwenda, nyunyiza maji kidogo na broshi, kidogo. Kwa kumaliza kabisa unapita na taloshi ya eponje, ilowe na ikamuliwe. Eponje ikidondosha maji inaosha simenti, muchanga inabakia peke yake, kesho ukipitisha mukono inamwangika.

Taloshi ya mbao inaacha ukuta na ukwaru kidogo, ya plastiki inalainisha zaidi, zote mbili ni muzuri inje. Ile ya chuma abakie nayo kwa shape (sakafu ya simenti) ya chini ya nyumba. Na taloshi yenye imelika pembeni itakuchorea nusu mwezi ukuta muzima, jua ya jioni ikipiga kwa ubavu utaziona zote.

bagira243

Fundi Birere heshima yako, lakini unaongea sawa vile kila mutu iko na parsele ya tambarare. Hapa Bukavu nyumba zimepandana ku mulima, mugongo ya nyumba yako inaangalia jiko ya jirani, kati yenu ni njia ya mutu moja akipita kwa ubavu, eshafodaje (jukwaa ya kusimamia) utaisimika wapi na regle ya meta mbili utaigeuza namna gani? Mi upande wa nyuma nilipigisha tirolyeni juu ya mukono ya pili na sina habari nayo tena.

Mashine yenyewe haina maneno mingi, ni kasanduku ka bati, ndani muko vyuma vyembamba vyenye kujikunja, unazungusha mukono yake, vinachota krepi nyepesi na kuirusha ku ukuta matone matone. Muchanga ichekechwe sana sana, kokoto kamoja kakiingia vyuma vinakwama. Na usifanye yote mara moja, hapo njo bengi banaharibia. Unapita mara ya kwanza ukiwa umeelekeza mashine kushoto, unaacha ikamate, ya pili unaelekeza kuume, ya mwisho mbele sawasawa, hivi matone inafunika kila kashimo. Mwenye anasimama pahali pamoja akizungusha mpaka ukuta inabeba mingi, ile inateleza inashuka, ikikauka ni mabaka mabaka. Umbali uwe ule ule, mwendo wa mukono ule ule, na mutu mwenye ameanza ukuta amalize ile ukuta, ukibadilisha mutu katikati itaonekana.

Funika madirisha na milango na plastiki. Na angalia upepo wa ziwa, ukiamuka unakrepi mpaka nguo za jirani ku kamba 😂

Kasoro inajificha, vinyufa havionekane, mvua ikipiga inavunjikia pale juu. Shemeji yako mi niko nyuma yake.

mama_ruashi

Jambo yenu ba Kivu. Mi niko Lubumbashi, ku Ruashi, niko na manyumba kidogo ya balokatere (bapangaji), bafundi nimebaona ba kila aina.

Bagira mwana yangu, tirolyeni ni muzuri mwaka ya kwanza. Kuya uione mwezi ya munane huku kwetu, mvua hakuna tangu mwezi ya ine, vumbi nyekundu ya barabara inapanda inaingia mu kila kashimo ya ile ukuta. Kiisha mvua ya mwezi ya kumi na moja inaishusha, nyumba inakuwa na machozi. Kuosha, broshi inalika mbele ya ukuta. Kupaka rangi upya, inakunywa rangi kupita ukuta ya taloshi. Na siku bomba itapasuka batoboe ukuta, ile kiraka utaiona tangu ku kona ya avenue, juu kupata tena matone ileile na mashine ingine, muchanga ingine, ni uongo. Kwenu kwenye mvua mingi sitaongea ya vumbi, lakini upande wenye jua haifikake, ile kijani ya unyevu itaota mule mu mashimo na haitoke.

Kuko njia yenye hamuitaje, ile ya kukwangula. Mukono ya mwisho unaiweka nzito kidogo kupita ya taloshi, unainyoosha na regle, kiisha unaiacha. Hauiguse. Unangoja ikamate, mara ingine ni jioni, mara mingi ni kesho yake asubui, inategemea hewa. Fundi anakuya na ubao yenye misumari mifupi mifupi imepangwa karibu karibu, ao kipande ya musumeno ya zamani, anakwangula kwa mviringo ukuta muzima, vichembe vinaanguka chini, mwisho anapangusa na broshi kavu. Ukuta inabakia na uso sawa muchanga mutupu, haing'are, na ile ngozi ya simenti yenye fundi wa Birere anaongea inakuwa imetoka yote, kwa hiyo ile vinyufa ya jirani yako haina pahali ya kuanzia. Misumari ikinatanata na krepi, umefika mapema. Ikilia ku ukuta kama inakwangula jiwe, umechelewa, na hapo hauna dawa. Ubaya yake ni moja tu, nusu ya simenti yako unaiona chini inafagiwa, roho inauma. Weka majani ya migomba ao bashi (turubai) chini, ile ya kuanguka unajazisha mu kiwanja.

Ingine ya muhimu ni muchanga. Huku muchanga mingi inakuya na bulongo ndani. Chukua chupa ya plastiki, jaza muchanga nusu, ongeza mayi, tikisa muzuri, acha mpaka kesho. Muchanga inalala chini, bulongo inalala juu yake, unaona mustari. Ile sehemu ya juu ikiwa kubwa, muchanga irudishe kwa mwenye kuiuza, krepi yake itapasuka hata ukiichanganya na maombi.

Tena chokaa. Huku kwetu si ngumu kupata, Kakontwe kule Likasi ni mawe ya chokaa tu banachimbaka. Ukiondoa sehemu kidogo ya simenti ukaweka chokaa, krepi inakuwa laini ku mwiko, haikauke mbio, fundi anapata wakati ya kutaloshi bila kukimbia, na ukuta ikitikisika kidogo krepi inaifuata. Lakini fundi ajilinde macho, chokaa mu jicho si mchezo.

Na kama weye njo mwenye kusimamia, usiwe mbali saa ya kula. Banaachaka krepi mu buruweti (toroli) banaenda kula bugali, banarudi imeshaanza kukamata, banamwangia mayi banaivuruga ikuwe tena laini. Ile krepi ilishakufa. Uso utakauka muzuri, mbele ya mwaka inaanza kumwangika yenyewe. Bachanganye kidogo kidogo, yenye inaisha mbele ya bugali.

mwana_keshero

Aksanti mama, aksanti bakubwa bote. Fundi nilimupa simu asome mwenyewe, alisoma ya Birere, akanyamaza, akasoma tena, akasema "sawa, huyu ni fundi". Simenti kavu tumeifuta. Ile ubao yake inakataa kufa, anasema ameitumikisha tangu zamani, lakini aluminiyo nimepata ya kuazima ku Ndosho.

Sasa mambo yenye inabakia. Ndani ya nyumba krepi imepasuka mustari moja ulionyooka kutoka dari mpaka chini, penye poto ya beto inakutana na bloko, na ku kona zote ni vilevile. Sitaki ile ikuye tena inje. Ya pili ni maji, nilisema bidon yangu ni ya makuta. Ya tatu kuko mutu aliniambia muchanga nyeusi ya volkano ni mubaya kwa krepi, mwingine anasema ni muzuri kupita yote. Nani anasema kweli?

genie_civil_bkv

Ndugu wa Keshero, nasimamia mashantiye (kazi za ujenzi) hapa Bukavu, niseme kidogo upande wa hesabu na sababu.

Ule mstari wa kwenye poto si kosa la krepi. Beto na bloko hazivutiki sawa, joto na unyevu zinacheza nazo tofauti, krepi iko juu yao mbili inararuliwa pale pale zinapokutana. Dawa ni wavu. Kata griaje ya galvanize (wavu wa chuma uliokingwa na kutu), ile ya matundu madogo, au wavu wa fibre ukiupata, uwe mpana wa kupita kiungo sentimeta 15 kila upande. Baada ya gobeti kukauka unaupigilia misumari, halafu mukono wa pili unaufunika wote. Uwe katikati ya krepi, usigandane na ukuta na usionekane inje. Griaje isiyo galvanize usiweke, hasa Goma, itakula kutu ndani na kutu inavimba na kusukuma krepi. Na beto ya poto ikiwa laini sana, ile iliyomwagwa na mbao nzuri, igongegonge na marto (nyundo) ya ncha kwanza, la sivyo hata gobeti itateleza.

Fundi wa Birere amesema mikono tatu, nami naongeza kipimo. Kila mukono unaokwenda inje uwe na simenti pungufu kuliko ulio chini yake. Gobeti ndoo moja ya simenti kwa mbili mpaka tatu za muchanga, mukono wa pili moja kwa ine, wa mwisho moja kwa tano hata sita. Watu wanafanya kinyume, wanafikiri inje panahitaji nguvu zaidi, wanaweka simenti nyingi juu, ndiyo ngozi ngumu juu ya kitu laini na inapasuka. Ndoo iwe ile ile na ijazwe sawa, tafadhali, si pelle (sepetu). Pelle ya asubui na pelle ya saa tisa, mtu akiwa amechoka, hazilingani.

Muchanga mweusi: wote wawili wanasema kweli nusu. Ni msafi, mara nyingi hauna udongo, na vichembe vyake vina makali kwa hiyo vinashikana. Lakini vina matundu ndani, vinakunywa maji. Ukiuchanganya mkavu, krepi inakuwa nzuri kwenye buruweti na dakika chache baadaye imekuwa ngumu kwenye mwiko, fundi anaongeza maji, anaongeza tena, na maji ya ziada ndiyo baba wa nyufa. Uloweshe muchanga jana yake, uchanganye ukiwa na unyevu. Kwa mukono wa mwisho uchekeche, ule wa volkano unakuwa na vipande vikubwa vinavyokwama chini ya taloshi na kuchora mfereji. Ukipata wa mto kidogo kwa ule mukono wa juu peke yake, changanya nusu kwa nusu, rangi ya ukuta pia haitakuwa nyeusi sana.

Maji. Krepi haikauki tu, inakomaa, na inakomaa ikiwa na maji ndani. Siku tatu ine za kwanza ndizo zinahesabika zaidi. Badala ya kumwaga mara kwa mara, ninginiza bashi mbele ya ukuta kutoka kwenye mabati mpaka chini, isiguse krepi, inazuia jua na upepo, basi unanyunyiza asubui na jioni tu. Bidon zako zitatosha. Mvua ndogo ya kesho yake ni zawadi, ile kubwa ya saa ile ile ndiyo inaosha kazi. Ungeweza kungoja mwezi wa sita mpaka wa munane mvua zikiwa chache ingekuwa rahisi zaidi, lakini jua la wakati ule nalo linataka bashi.

Moshi wa Nyiragongo: mvua inayopita mu ule moshi inakuwa na asidi, mabati ndiyo yanaumia kwanza. Krepi nzuri inavumilia, ila kutu ya mabati na ya griye za madirisha inashuka na kuandika ukuta. Mabati yatoke inje ya kutosha, weka gutiere (mfereji wa kukinga maji ya mabati), na chini ya kila dirisha ile tablete ya beto itoke inje ya ukuta na iwe na mfereji mdogo kwa chini ili tone lianguke, lisirudi ukutani. Kitu kidogo sana na watu wanakisahau.

Rangi ngoja karibu mwezi. Simenti mpya inakula rangi.

bagira243

Injinia naona bote munaogopa tirolyeni yangu. Sawa. Lakini ile wavu ya ku poto hata mi nakubali, nyuma kwangu mustari ulitoka hata chini ya tirolyeni, ile yenyewe haikujificha.

fundi_birere

Haha Bagira, tirolyeni inaficha kinyufa, haifichake mupasuko. Haina ubaya ku ukuta ya nyuma yenye hakuna mutu anaiegamia, ila iwe juu ya mukono mbili za kweli, si juu ya bloko tupu sawa vile banafanyaka ku mafensi.

Mukubwa wa Keshero, bado mbili tatu mbele fundi aanze.

Kutoka juu kushuka, kila mara. Ukianza chini, ya juu itakudondokea ku kazi yenye ulishamaliza. Na ukuta moja inaisha siku moja. Hesabu batu mbele: moja ya kuchanganya, moja ya kutupa, moja ya kutaloshi akifuata nyuma, ukuta ikiwa kubwa wawe wawili. Ukisimama katikati jioni na kuendelea kesho, pale kwenye uliunganisha pataonekana mpaka siku ya kuuza nyumba, hata chini ya rangi. Kama ni lazima usimame, simamia ku kona, ao ku pembe ya dirisha, ao piga mustari na ukate krepi yote sawasawa na mwiko, kesho yake ulowanishe ile pembe mbele ya kuendelea.

Fuata kivuli. Ukuta yenye kuangalia upande wa Rwanda, jua inaipiga asubui, ifanye mangaribi. Yenye kuangalia Sake ifanye asubui. Fundi akitaloshi na jua mu mugongo, krepi inakauka juu wakati chini bado, taloshi inararua.

Kona: usifanye na jicho. Chukua ubao iliyonyooka, ifunge ku upande moja na vyuma ao misumari miwili, ipite kidogo ile unene ya krepi, fanya upande ya pili ukiegamia ile ubao, kiisha ugeuze. Mwisho kona uipangusie kidogo na taloshi ipoteze ukali, ile kali kabisa inavunjikaka na kidole ya mutoto.

Chini, sentimeta kumi na tano za kwanza kutoka ku udongo, krepi isifike. Mama wa Ruashi alisema ya vumbi ya chini, hapa kwetu ni matope nyeusi, lakini unyevu ya kupanda ni moja. Pale mawe yako ya volkano uyaache yaonekane na uyafunge tu viungo na simenti, ni muzuri hata kwa macho.

Simenti usome ku mufuko. Ile namba ya nguvu yake, 32,5 inatosha na njo muzuri kwa krepi, 42,5 uiwekee poto na dal (beto ya kulala).

Na mbele ya yote, mwambie afanye kwanza ile ukuta ya choo, mikono yote tatu, na taloshi mupya. Ukigonga ukasikia imejaa, na kidole hakitoke na muchanga, mupe nyumba.